Saa ya kengele ya elfu kumi na tatu: nimekaa nayo miezi kumi na moja

Usiku wa kwanza ililia saa tano, ndiyo kwanza tumejifunika. Kosa lilikuwa langu. Nilitaka ituamshe saa kumi na moja alfajiri, na kwenye saa ya mishale saa kumi na moja yetu inakaa kwenye 5. Nimemfundisha mpwa wangu jambo hilo kwa kidole changu mwenyewe. Lakini kwenye simu mtu haoni mshale, anaandika 05:00 anageukia ukutani. Kichwa kikasema kumi na moja, vidole vikaupeleka mshale wa kengele kwenye 11, na mshale wa saa ulipofika hapo usiku ule ule, nyundo ikaanza kazi. Mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta, akauliza kama kuna moto.

Kwa hiyo la kwanza kabisa: inalia. Hilo halina mjadala.

Niliinunua sokoni Majengo, hapa Dodoma, Jumamosi moja ya Januari 2024, kwa mzee mwenye meza ya tochi, betri, rimoti na redio ndogo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akataja elfu kumi na nane. Nikamwambia, mzee wangu, mimi ni mwalimu wa kujitolea. Akasema kila anayefika kwenye meza ile ni mwalimu wa kujitolea. Tulishukia elfu kumi na tatu. Wakati ananifungia kwenye gazeti akaniuliza, "Binti, siku hizi nani anaamshwa na saa? Simu si unayo?"

"Ninayo, mzee. Ndiyo inayotukesha."

Ni ile saa ya kizamani ya duara, ukubwa wa kisosi, kengele mbili juu kama masikio na kinyundo katikati yake. Haina betri. Nyuma ina funguo mbili za kuzungusha, moja ya saa yenyewe na moja ya kengele, na vibonye viwili vya kurekebishia mishale. Ndani kuna utepe wa chuma uliojiviringisha. Ukiitia ufunguo unaubana ule utepe, nao ukijiachia polepole unasukuma magurudumu ya meno. Ukiijaza usiku, inatembea mpaka usiku wa kesho na kupitiliza. Umeme ukatike, usikatike, yenyewe haina habari.

Jambo ambalo mzee hakuniambia, na labda alidhani najua: saa ya aina hii haijui mchana na usiku. Ukiitegesha 5, basi kila mshale ukifika 5 iko tayari kulia, alfajiri na jioni. Ukiijaza ufunguo wa kengele saa tisa alasiri kwa kuwahi kazi, saa kumi na moja jioni itakuaibisha mbele ya wageni. Ijaze ukishakula chakula cha usiku.

Niliinunua kwa ajili ya mdogo wangu. Mwaka wake wa kidato cha nne nilimchukua nyumbani Kibaigwa nikaja naye Nkuhungu, hapa Dodoma, kwenye chumba changu na sebule, ili asome karibu nami. Wiki ya kwanza tu nikagundua nimeleta popo. Nilikuwa naamka saa nane usiku kwenda uani, nakuta neti yake inang'aa kama karabai. Asubuhi simu yake ilikuwa inaimba, anaikandamiza, baada ya dakika tano inaimba tena, anaikandamiza. Siku moja nilihesabu mara tisa. Aliyeamka mpaka mwisho ni mimi.

Ila siwezi kumlaumu peke yake. Tabia ile naijua ilikoanzia, maana tuliianza pamoja, nyumba moja, mwaka 2020.

Nilikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma, ualimu wa baiolojia na kemia. Tarehe 16 Machi ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufunga shule, siku iliyofuata ikawa zamu ya vyuo. Nilipanda basi na ndoo, begi na furushi la mashuka. Nikamkuta mdogo wangu nyumbani, miaka kumi na tatu, darasa la saba, anacheza mpira barabarani kama mtu aliyeongezewa sikukuu.

Wasomaji wa mbali huwa wanadhani kila nchi watu walifungiwa ndani. Kwetu haikuwa hivyo. Soko la mahindi la Kibaigwa liliendelea, malori yaliendelea kupiga honi usiku, mama aliendelea kukaanga vitumbua saa kumi na moja alfajiri. Kilichofungwa kilikuwa shule na vyuo. Yaani ndani ya nyumba ya watu sita, ni sisi wawili tu tulioondolewa kengele. Wengine wote walikuwa na kitu kinachowaamsha: ng'ombe, wateja, mafuta ya kukaangia.

Wiki ya kwanza tulilala saa tano. Wiki ya pili saa saba. Sababu haikuwa moja. Kulikuwa na hofu, kwanza. Kundi la WhatsApp la darasa letu lilikuwa halilali: chuo kinafunguliwa lini, nani kasikia nini, tangawizi na malimau yamepanda bei wapi, na zile sauti zisizo na mwenyewe, mtu anaongea kwa kunong'ona kwamba yuko hospitali fulani na hali ni mbaya. Ukisikiliza moja saa sita usiku, hiyo nyingine unaisikiliza ili uone kama inakanusha ya kwanza. Halafu kulikuwa na bando la usiku. Hili watu wazima hawalitaji kabisa wakizungumzia vijana na usingizi. Bando la usiku lilikuwa nafuu mno kuliko la mchana, na linaanza kuhesabiwa saa sita. Mwanafunzi asiye na boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, wala kibarua atafanya nini? Anasubiri saa sita ifike. Hata kama macho yamechoka, anasubiri, kwa sababu pesa yake ndiyo inayomwambia asubiri.

Mama alikuwa anatupigisha nyungu jioni, mwarobaini, mchaichai, malimau, blanketi juu. Unatoka umelowa chapachapa. Baadaye nilisoma kwamba mwili ukipashwa joto kisha ukaanza kupoa, usingizi unakuja kwa urahisi zaidi, kwa hiyo huenda mama alikuwa anatupa dawa ya usingizi bila kujua. Tatizo tulikuwa tukitoka kwenye blanketi mkono wa kwanza unakwenda kwenye simu.

Kufikia katikati ya Aprili nilikuwa nalala saa tisa usiku naamka saa tano asubuhi. Hesabu mwenyewe: saa nane kamili. Ndiyo maana nilijiona niko sawa. Bibi, ambaye saa kumi na mbili keshafagia uwanja, alikuwa anapita dirishani anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Humu mna wagonjwa?"

Nilipomaliza chuo nikapata hamu ya kujua kilichotupata. Nilianzia kwenye saa ya mwili. Ubongoni, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna kundi dogo la seli linaloendesha zamu ya kulala na kuamka, na seli hizo zinasahihishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, homoni ya melatonini inaanza kupanda. Sasa kwa kijana aliyebalehe, inachelewa kupanda ukilinganisha na mtoto au mtu mzima. Mjerumani mmoja, Till Roenneberg, na wenzake walionyesha kwamba uchelewaji huo unaongezeka ujana wote, unafika kileleni karibu na umri wa miaka ishirini, halafu unaanza kurudi nyuma. Mtoto wa miaka kumi na saba anayekwambia saa tatu usiku hana usingizi hakudanganyi.

Halafu nikakutana na tafiti za wakati wa UVIKO wenyewe, na hapo nikashangaa, kwa sababu nilitegemea kusoma kwamba vijana wa dunia nzima walikesha. Kule Boulder, Marekani, Kenneth Wright na wenzake waliwafuatilia wanafunzi 139 wa Chuo Kikuu cha Colorado kabla na baada ya masomo kuhamia mtandaoni. Siku za masomo walikuwa wanapata kama nusu saa zaidi kitandani, ingawa muda wa kulala wenyewe ulisogea mbele kwa dakika kama 50. Kwenye jimbo la Zurich, Uswisi, ilikuwa zaidi: wanafunzi wa sekondari walilala dakika 75 zaidi siku za shule, kwa sababu tu hawakulazimika kudamka kuwahi basi. Wengi wao, kwa mara ya kwanza, walilala kama miili yao inavyotaka. Kule Italia hadithi ikawa na upande mwingine, vijana walikaa kitandani muda mrefu zaidi lakini usingizi wenyewe ukawa mbovu kuliko kabla.

Ninavyoona mimi, tofauti yetu na wale wa Zurich ni kwamba wao walibakiwa na kipindi. Hata kama ni cha saa tatu asubuhi na mtu yuko na shati la kulalia, kuna mwalimu anayesubiri upande wa pili. Sisi Kibaigwa hatukuwa na kipindi chochote. Masomo ya redio na runinga yalikuwepo, ila runinga yetu mchana ilikuwa ya bibi, na bibi hakuwa na mpango na hesabu za sehemu. Kwa hiyo muda wetu wa kuamka haukuwa na kigingi. Usingizi tulikuwa nao. Asubuhi ndiyo tuliyoipoteza, pamoja na mwanga wake, na bila mwanga wa asubuhi ile saa ya ubongoni inazidi kuteleza mbele.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Kipindi cha kwanza saa moja asubuhi, na ule upepo wa Juni wa UDOM unaopita kwenye koti. Nilikaa wiki mbili nikihudhuria kama mzigo ulioshushwa. Shule zikafunguliwa tarehe 29 Juni, mdogo wangu akarudi darasani akiwa na mtihani wa taifa mbele yake na usingizi wa mlinzi wa usiku. Mimi nilinyooka baada ya miezi. Yeye, ukiniuliza, hakunyooka. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura tena. Kwenye neti ya mdogo wangu karabai iliendelea kuwaka.

Turudi kwenye saa.

Tuliweka utaratibu. Simu zote mbili, yake na yangu, zinalala sebuleni kwenye chaji kuanzia saa nne usiku. Yangu pia, maana nilijua siku nitakayoingia na yangu chumbani ndiyo siku sheria itakufa. Saa inakaa juu ya kabati, mbali na kitanda, mtu ainuke. Na inalia muda uleule siku zote, Jumamosi na Jumapili tunaongeza saa moja tu. Hicho kipengele cha Jumamosi ndicho kilicholeta ugomvi. Alitaka alale mpaka saa tano "kufidia". Nikamwambia ukifidia hivyo, Jumatatu unakuwa kama mtu aliyeshuka kwenye ndege kutoka nchi ya mbali, mwili uko huku, saa yake iko kule. Akasema hajawahi kupanda ndege.

Uzuri mkubwa wa saa hii kuliko simu ni kitu isichokuwa nacho. Haina "dakika tano tena". Ukiizima imezimwa, na ukiiacha inagonga mpaka utepe wa kengele uishe, jambo ambalo mpangaji wa chumba cha pili asingelivumilia. Kwa hiyo unaamua mara moja tu, umesimama, miguu iko kwenye saruji ya baridi. Wiki mbili za kwanza alinichukia. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa kitandani dakika mbili kabla haijalia, anaiangalia kwa chuki, anaisubiri. Nilijua imeshinda.

Kuna programu za simu zinazodai kupima usingizi. Nilijaribu moja kabla ya kununua saa. Inataka simu ilale na wewe, karibu na mto. Huko ni kumkabidhi fisi bucha. Kuna pia saa ndogo za betri, elfu saba au nane, zinazolia kama kifaranga. Mwenzangu kazini anayo, anasema anaiota ikilia halafu anaendelea na ndoto.

Sasa lawama.

Mlio wa kutembea. Mchana huusikii, usiku chumba kizima ni tik, tik, tik. Siku tatu nilijuta. Ukiiweka juu ya mbao tupu, kabati linageuka ngoma. Nilikunja kitenge mara nne nikaiweka juu yake, ikapungua nusu. Mtu mwepesi wa kuamka asije akasema sikumwambia.

Rangi ya mishale inayowaka gizani ni ya kudanganyia dukani. Unaimulika na tochi inang'aa kijani, kabla ya saa sita imekufa. Mwanzoni niliona ni kasoro. Siku hizi naona afadhali, kwa sababu mtu aliyeshtuka usiku akijua ni saa ngapi anaanza kupiga hesabu ya saa zilizobaki, na hesabu hiyo inamaliza usingizi wote.

Kioo si kioo, ni plastiki, kimechubuka kwa kufutwa tu.

Na vumbi. Hii ndiyo kasoro kubwa na ni ya Dodoma kabisa. Mfuniko wa nyuma haujabana. Ulipofika ule upepo wa Agosti, saa ikaanza kuchelewa dakika nne kwa siku, halafu saba, halafu Jumanne moja ya Septemba ikasimama. Bahati yetu nilishazoea kuamka. Niliipeleka kwa fundi saa, mzee mmoja mwenye mwavuli na meza ya vioo mjini, akaifungua mbele yangu. Akachukua kibrashi, akakichovya kwenye petroli, akasugua gurudumu moja moja, na kwenye kitambaa chake cheupe likatoka vumbi jekundu kama la Nkuhungu nzima. Akatia tone la mafuta kwa sindano, akaiweka sikioni. Elfu tatu. Aliniambia nizungushie utepe wa gundi kwenye maungio ya mfuniko, nami nilizungushia, na tangu hapo inachelewa dakika moja au mbili, ninazozirudisha kila Jumapili.

Kisha kuna kasoro ambayo si ya kiwandani. Mwezi wa tano, wiki ya majaribio, kwa siku mbili saa haikulia. Nikaitingisha, nikaitia ufunguo, nikawa tayari kurudi Majengo kugombana. Siku ya tatu nikaichunguza vizuri, nikakuta soksi ya shule imechomekwa kati ya nyundo na kengele, nadhifu kabisa. Aliponiona nimeishika akasema, "Dada, nilikuwa naisafisha."

Sikumgombeza sana, kwa sababu nilishaanza kuona kwamba kuna kitu saa haikiwezi, na si kosa lake. Piga hesabu pamoja nami. Shule inataka wawe mstarini saa moja kasoro. Kutembea dakika ishirini. Kuoga, kupiga pasi, uji. Saa kumi na moja na robo lazima awe juu. Vijana wa umri wake wanashauriwa kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi, kwa hiyo alipaswa awe amelala saa tatu na robo. Mwili wa miaka kumi na saba, hata bila simu, hata bila kesi yoyote, saa tatu na robo uko macho unatazama dari. Nilimwangalia kwa wiki mbili: simu iko sebuleni, taa imezimwa, anageuka, anageuka, saa nne na nusu ndipo anatulia. Anapata chini ya saa saba. Ndiyo zile dakika 75 za watoto wa Zurich, na hakuna saa ya Majengo itakayompatia.

Tulichofanya ni kuiba dakika. Kuoga kukahamia usiku. Shati linapigwa pasi usiku. Uji ukawa wangu. Kengele ikasogea mpaka saa kumi na mbili kasoro robo, nusu saa nzima tumeiokoa, na uji akawa anaunywea nje kwenye kigoda, jua la Dodoma likianza kupanda usoni mwake. Baada ya mwezi akaanza kupiga miayo saa nne usiku.

Kisha nikagundua enaji. Alikuwa ananunua chupa kibandani saa mbili usiku ili "akeshe na pepa". Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu: kafeini inaweza kuchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo saa saba usiku nusu ya chupa bado iko kazini. Alisikiliza kwa heshima, akauliza kama kahawa ya kijiweni nayo ni hivyo. Ni hivyo. Akaonekana kama mtu aliyefiwa.

Nani asinunue? Mwenye mtoto mchanga chumbani. Anayefanya kazi za zamu. Na mtu ambaye tatizo lake si kuamka. Mapema 2021 mwenzangu wa chumba chuoni alifiwa na baba yake. Kwa wiki kadhaa alikuwa analala mchana kutwa na usiku amekaa macho, ameegemea ukuta, hashiki hata simu. Huyo ukimletea kengele unamdhulumu. Wakati ule wa korona walikuwepo wengi wa aina yake, vijana waliobeba msiba au hofu, na sisi tukawaita wavivu. Kukosa usingizi wiki nyingi mfululizo ni jambo la kwenda kumweleza daktari. Hapa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, umbali wa nauli ya daladala, na nadhani utani tunaoufanya juu ya jina lile umewazuia watu wengi kwenda hata kuuliza swali dogo.

Kwa wengine wote, hasa wenye mwanafunzi aliyechukuliwa na simu, naipa nne kati ya tano. Hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya mfuniko. Ukienda kununua, mwambie muuzaji aitie ufunguo na kuiliza pale pale mezani, na utazame kama mshale wa kengele hauchezi ukiugusa. Usitoe zaidi ya elfu kumi na tano.

Mimi sasa sina saa. Mdogo wangu alimaliza mitihani Novemba, akapakia begi kurudi Kibaigwa, na jioni nilipotaka kuitia ufunguo nikakuta juu ya kabati kuna kitenge tu kilichokunjwa mara nne. Nilipompigia, simu ilipokelewa na bibi. Saa ameichukua yeye, iko kichwani pake. Lakini akaniambia niwe mwangalifu na wauzaji wa mjini, kwa sababu ile saa ilikuwa mbovu. Alfajiri kumekucha, saa kumi na mbili kabisa, yenyewe inaonyesha sita. Ilikuwa imekosea masaa sita mazima. Ila nisiwe na wasiwasi, ameshaitengeneza.